Mzinga wa Sebuleni

Tangu baba yake afariki majira ya baridi, Verna Stambaugh alikuwa amejitosa mzimamzima kwenye mizinga ya baruti nyeusi. Alikuwa ameshajua kwamba baada ya kila mlio mtutu husafishwa kwa brashi iliyolowa, ili cheche iliyobaki isikutane na baruti mpya. Alijua pia kwamba mmoja akisafisha, mwenzake huziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi. Kikundi cha wapiga mizinga cha wilaya kilimpa yeye kazi hiyo ya kidole, na alitembea kifua mbele utadhani kapewa ujenerali. Lakini alichokitaka hasa kilikuwa kimoja: tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mbele ya ukoo mzima, mzinga mdogo wa baba yake upigwe kwa heshima ya marehemu.

Mzinga huo ulikaa sebuleni kando ya meko tangu Verna hajazaliwa. Kila tarehe nne baba alimpandisha juu yake kama farasi, akampiga picha, na kusimulia yaleyale: ni wa babu wa babu yake, na haujapigwa tangu Kaskazini na Kusini wapatane baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi aliyeupanda alikuwa Posy, mjukuu wa Verna. Wiki ile ndipo ulipohamishiwa bandani ili uandaliwe.

Loretta Kubiak, mkuu wa kikundi na daktari wa meno mstaafu, alikuja kuukagua. Akamkuta Dwight, mume wa Verna, amechuchumaa mbele ya mdomo wa mzinga na tochi ya gesi ya kuchomea vyuma mkononi.

"Shemeji, unapika nini humo?" Loretta aliuliza.

"Nataka kuunguza kutu ya ndani. Tundu nimeshalizibua jana kwa drili. Mwanzo lilikuwa gumu, halafu drili ikazama kwenye kitu laini."

"Laini vipi?"

"Laini tu. Kama keki iliyochacha."

Loretta hakucheka. "Dwight, nisikilize. Usiwashe hiyo tochi. Toka hapo mbele, upitie pembeni, uipeleke nje."

"We mama, hilo dude lina miaka mia na zaidi..."

"Nimesema nje."

Dwight akatoka akinung'unika. Loretta alisimama kando ya mtutu, akausukuma ndani mti wa kushindilia taratibu mpaka ukagota, akaweka alama ya chaki pale mdomoni. Kisha akauchomoa na kuulaza juu ya mtutu, alama ikiwa mdomoni. Ncha yake ilipaswa kufika kwenye tundu la kuwashia. Iliishia kiganja kizima kabla ya hapo; kulikuwa na kitu ndani.

Verna alielewa kabla hajaambiwa. Akakalia ndoo. Akilini alimwona Posy siku ya Pasaka, amelala kifudifudi juu ya mzinga, akichungulia mdomoni na kuita jina lake ili asikie mwangwi. Moto ulikuwa unawaka mekoni.

"Mzinga una baruti," alisema.

"Una baruti. Na mumeo ameichimba kwa drili."

Dwight, aliyekuwa mlangoni, alienda nyuma ya banda, wakamsikia akitapika.

Walimimina maji kupitia lile tundu mpaka jioni, wakauacha ulowe. Asubuhi waliuinamisha, Loretta akapuliza upepo tunduni kwa pampu ya kujazia matairi. Kitu kikateleza, kikaanguka sakafuni, kikadunda. Kilikuwa mpira wa gofu.

Loretta aliugeuza mkononi. "Babu wa babu wa baba yako alikuwa mtu wa maendeleo. Anapigana vita huku anacheza gofu."

Verna aliingiza chuma chenye ncha zilizojipinda, akavuta kitambaa kilichoshindiliwa chini ya mpira. Kilikuwa cha manjano, chenye bata wadogo. Bata wale aliwajua. Mama aliwashona mmoja mmoja kwenye gauni la Verna alipokuwa anaanza shule. Nyuma ya kitambaa ukafuata uji mweusi wa baruti.

"Tarehe nne tunampigia mzee, au hatumpigii?" Loretta aliuliza kwa upole.

Verna alikichukua kitambaa kikiwa kinachuruzika, akavuka uwanja hadi barazani, alikokuwa mama yake, Bibi Idella, akimenya viazi vya saladi. Akakiweka juu ya meza mbele yake.

Bibi kizee alikigeuza kwa ncha ya kisu cha viazi.

"Kwani baruti bado ilikuwemo?" akauliza.

"Mama, ulijua?"

"Tarehe nne moja baba yako alitaka kuupiga, ikagoma kuwaka, watu tayari wamekaa kula. Baba yako akasema ataitoa kesho. Baadaye akasema baruti ikilala mwaka inakufa yenyewe."

"Baruti nyeusi haifi, mama. Ikiwa kavu, haifi. Nanyi mkanipandisha juu yake, kila mwaka. Na Posy."

"Ulikuwa unapenda sana," alisema mama yake, akachukua kiazi kingine.

Verna alirudi bandani akamwambia Loretta aupakie mzinga garini, aondoke nao. Tarehe nne hakutakuwa na mlio.