Kilima cha Sahau

Palikuwa na nchi, na mwenye masikio na ayatege, iliyoitwa Visogoni. Mji wake mkuu ulikuwa Manukato, na ada yake tukufu kuliko zote ilikuwa hii: kila upitapo mkokoteni wa tope la majitaka, raia mwenye adabu aupe kisogo mpaka upotee. Mtoto alifundishwa kugeuka kabla hajafundishwa kusalimu. Na hata jeneza likiwa njiani, wachukuzi waliligeuza, ili marehemu naye asikose adabu.

Si kwamba walikosa maarifa, la. Nje ya mji walijenga karakana ya fahari, ambamo tope lilipikwa katika matangi, likakamuliwa maji, likaanikwa juani mpaka likawa udongo mweusi usio na harufu wala madhara. Wapimaji wakaupima, wakathibitisha kuwa wafaa kwa mashamba ya pamba na misitu ya kuni. Hapo ndipo akili za wakubwa zilipofika zikakaa chini kupumzika. Kwa kuwa kuupeleka shambani kungemlazimu mtu autazame, Waziri Baadaye aliamuru urundikwe nyuma ya mji, huku mashamba ya Ukavuni yakipauka kama magoti ya punda, na mbolea ikiagizwa ng'ambo na kupokewa kwa tarumbeta. Rundo likawa kilima, na kilima kikaitwa Sahau.

Chini ya Sahau, katika mtaa wa Vumilieni, aliishi Mzee Majonzi, mchonga mipini. Masika yaliyopita ubavu wa kilima ulilowa, ukaporomoka juu ya jiko lake, na mkewe Faraja alikuwamo akisonga ugali. Waziri alileta sanda, kisha akajenga ukuta wa mawe. Sanda ilitosha. Ukuta haukutosha, kwani kilima kiliendelea kuongezwa kila siku. Na sasa mawingu ya masika yalikuwa yamerudi, ukuta umefura tumbo, na chini yake tu alikuwa amelala bintiye Salia, mzazi wa juzi, na kichanga ambacho hakijapewa hata jina.

Kila manyunyu yakianguka Majonzi aliacha tezo yake, akaenda kuweka kiganja ukutani, kama apimaye homa ya mgonjwa.

"Huo ukuta haujambo, Baba?" Salia alimuuliza kutoka dirishani. "Maana mimi mwenye mtoto hunijulii hali siku hizi."

"Hama, mwanangu."

"Nihamie wapi? Manukato hawampangishi mtu wa Vumilieni. Wanasema tunanuka, na pua zao wamezipa kisogo."

Basi siku moja mikokoteni ilipokuja, Majonzi alisimama katikati ya njia, akaikazia macho bila kugeuka, akawaambia wachukuzi wasiongeze hata sepeto moja. Askari walimkamata kinyumenyume, maana nao walikuwa wamegeuka, na ikawabidi wampapase ndipo wampate. Akapelekwa mbele ya Kadhi Insafu kwa kosa la kutazama.

Waziri Baadaye alinena kwa ufasaha mwingi. Alisema kilima ni salama, kwani mkaguzi hukikagua kila mwezi, akakiri kuwa mkaguzi hukikagua kwa kukipa kisogo kama ilivyo heshima. Akaongeza kwamba suala la kupeleka udongo mashambani litafikiriwa masika yakiisha. Nje mvua ilianza kugonga mabati. Majonzi hakusikia tena hotuba. Alisikia mabati tu.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "sikuja kubishana. Twende mkasimame pale. Msitazame kilima kama hamtaki, simameni tu."

Kadhi alikubali, na baraza zima likaenda na miavuli yake. Walipofika chini ya ukuta wakakipa Sahau kisogo, kwa taadhima zote. Na walipokipa kisogo, nyuso zao zikaelekea mahali ambapo hakuna mkubwa aliyewahi kuelekea: uani kwa Salia. Waliona nepi zilizoanikwa barazani. Waliona jiwe jipya la kaburi pale lilipokuwa jiko. Waliona maji meusi yakipenya chini ya mawe, yakipita kati ya viatu vyao, yakiingia mlangoni polepole, na Salia akiyazuia kwa ufagio, kichanga kifuani.



"Sahau ni salama?" Kadhi aliuliza.

"Ni salama," alijibu Waziri, "kwa kiasi fulani. Baadaye tutaona."

"Vema," akasema Kadhi. "Kama ni salama, wewe utalala humu kuanzia leo, na mzazi huyu na mwanawe watalala nyumbani kwako, mpaka kilima kiishe. Mzee huyu hana kosa."

Waziri akakitazama kilima. Alikuwa mtu wa kwanza wa serikali kukitazama, akakitazama kwa muda mrefu sana.

Kabla ya alasiri mikokoteni yote ya Manukato ilikuwa njiani kuelekea Ukavuni, ikimwaga udongo mweusi kwenye mashamba ya pamba, na Waziri mwenyewe akiwahimiza wachukuzi, amelowa, hana mwavuli. Watu wa Vumilieni walipiga vigelegele, wakamkimbilia Majonzi wampe mkono.

Hakuupokea. Aliwauliza tu kwa nini Waziri hakuhamishiwa mtaani kwao mwaka jana, Faraja alipokuwa hai.