Nyembamba Haifiki Moyale

Fahmo aliyasoma maneno kwenye televisheni asiyaamini. Akachukua upindo wa shela yake akapangusa kioo, labda ni vumbi, maana mtaani Kiwanjani vumbi huingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Akasoma tena. Yalikuwa yale yale, kwa Kiingereza cha adabu: diski hii haiwezi kuchezwa kwenye mashine hii.

"Haiwezi nini?" akaiuliza televisheni.

Nyuma yake baba yake, Mzee Salad, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki, pedi ya gemu mikononi, miguu ameitanguliza mbele, mmoja wa breki na mmoja wa mafuta. Alikuwa anangoja gari liwake.

Fahmo akaitoa diski, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akairudisha. Maneno yale yale. Akaitoa tena, akasema bismillahi, akairudisha. Ala! Maneno yale yale, na adabu ile ile.

"Subiri kidogo, Aabo," alisema.

"Haya," akasema mzee.

Usidhani mzee alikuwa amekubali. "Haya" ndilo neno pekee alilobaki nalo. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi akitoka msikitini, kikamwachia mguu wa kuburuta na kikamfagilia maneno yote isipokuwa hilo. Akitaka maji, haya. Akiumwa, haya. Binti yake akirudi kutoka sokoni kuuza maziwa ya ngamia, mzee humtazama, midomo ikahangaika kulitafuta jina, ikahangaika, mwishowe ikasalimu amri: haya. Na huyu ni mtu aliyeendesha lori kutoka Isiolo hadi Moyale miaka thelathini, wakati barabara ile ilikuwa mawe matupu, mtu ambaye akianza kusimulia unasahau chai yako mpaka inapoa. Fahmo alilia, akalia, mwisho akazoea.

Halafu ikaja mashine. Mpwa wa mzee alihamia Nairobi akaiacha hapo nyumbani, mashine ya gemu ya zamani, nene, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na diski moja tu ya kuendesha malori, ambayo ilikuwa nzee kuliko mashine yenyewe. Siku moja Fahmo akaiwasha aone kama bado nzima. Mzee akanyoosha mkono, akaitaka pedi. Lori likaondoka kwenye kioo, katika nchi sijui ya nani, miti ya ajabu na theluji milimani, na mzee akafungua mdomo akasema, "Archer's."

Fahmo aliangusha birika. Neno zima, limenyooka, halina kigugumizi!

Tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya alasiri, mzee alisafiri. Kijiji cha kwanza kwenye gemu alikiita Archer's, kama ule mji wa kwanza wa njia ya Moyale. Daraja lilikuwa Merille. Kituo cha mafuta chenye miti miwili kilikuwa Laisamis, na ole wako ubishe. Na maneno yakawa yanapanda garini moja moja: "Punguza, punguza." "Shuriye, angalia tairi!" Shuriye alikuwa tanboi wake, msaidizi wake wa lori wa miaka yote, siku hizi ni marehemu. Mashine ikizimwa, mdomo nao unazimika, tunarudi kwa haya. Daktari alimwambia Fahmo asishangae, maneno ya mazoea hukaa chumba chao kichwani, mfuateni huko huko. Wiki kwa wiki mzee akawa anaenda mbali zaidi. Akafika Logologo. Akafika Marsabit, ule mlima wa theluji wa kwenye gemu, akajikunyata kwa baridi katikati ya joto la Isiolo.

Fahmo akaanza kungoja kitu, na hakumwambia mtu. Zamani, lori likirudi kutoka Moyale, mzee alikuwa anasimama nje, anapiga honi mara mbili, anatoa kichwa dirishani anaita, "Fahmo! Geti!" Haiti mke wake, haiti wavulana. Anamwita yeye. Basi Fahmo akajipangia hivi: mzee akifika Moyale, atageuza. Akigeuza, atarudi. Akirudi, si lazima aite mtu wa kumfungulia? Alitaka kulisikia jina lake kutoka kinywa kile mara moja tu kabla Mungu hajaamua mengine.

Lakini ile nene ilikuwa mgonjwa. Ilinguruma, ikapata moto, na kila lori lilipokaribia kilele cha Marsabit ikajizima, pap! Mzee akabaki mlimani na pedi yake. Ilipojizima hivyo siku tisa mfululizo, Fahmo akaifunga kwenye leso akaibeba kwa Ntongai, fundi wa simu na redio na kila kitu chenye waya pale mjini.

Hapa ndipo unapotamani ungekuwepo umshike Fahmo mabega umtikise. Ntongai alimuuliza swali moja tu la maana: "Nyumbani wanacheza gemu gani, mama?" Na Fahmo akaona aibu. Aseme ni baba yake? Mzee Salad, mjukuu wa askari, mtu aliyehiji, anacheza gemu na ndevu zake nyeupe? Kesho soko zima la maziwa lingekuwa linashika mbavu. Akasema, "Ah, ni watoto tu. Wanacheza za mpira."

"Kama ni za mpira, chukua hii," akasema Ntongai, akamtolea nyingine. Nyembamba, inang'aa, haipati moto, hata ikiwaka huisikii. Aache ile nzee, aongeze kidogo. Fahmo akaacha, akaongeza, akaenda nyumbani anajichekea njiani peke yake.

Na sasa hii hapa, inamwambia haiwezi.

Alitoka vile alivyo, kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha mzee, mpaka kwa Ntongai. Akaiweka diski juu ya meza. Fundi akaigeuza, akapiga mbinja.

"Mama, hii ni ya mashine zilizokuja kabla ya hizi. Ile yako nene ilikuwa inaisoma kwa sababu waliiwekea ndani roho ya ile ya zamani. Walipotengeneza hii nyembamba, wakaitoa."

"Wakaitoa?"

"Wakaitoa. Ndiyo maana ikakonda."

"Nani aliwatuma?"

Ntongai alitaka kucheka, akaona uso wa Fahmo, akaghairi. "Ni gharama, mama. Na watu wanapenda kitu chembamba."

Fahmo alibaki mdomo wazi. Wanapenda? Huku kwetu ng'ombe akikonda tunauliza ana ugonjwa gani, tunamfuatia majani mpaka Biliqo. Hatumpeleki mnadani tukasema huyu ndiye mpya, tazameni mbavu zake zilivyopendeza! Sasa watu wazima, wamesoma, wamevaa tai, wanakaa ofisini wanakikata kitu ulimi, halafu wanakipiga rangi na kukiita bora. Lahaula!

"Basi sitaki," akasema. "Nirudishie yangu."

Ntongai alisogea pembeni tu, ili aone. Ile nene ilikuwa juu ya meza ya nyuma, tumbo wazi, feni huku, waya kule, na katikati ya bodi shimo jeusi lililoungua.

"Nilianza kuitoa vipuri asubuhi," akasema polepole. "Vingine vimeshaenda Burat kwa mteja. Bodi yenyewe iliungua nikitoa. Lakini mama, si ulisema ni za mpira?"

Hakusema kwa ubaya. Na hilo ndilo lililomuua Fahmo. Akakaa juu ya kreti ya soda.

"Ni za baba yangu," akasema. "Hawezi kuongea. Akicheza ndipo anaongea."

Ntongai aliweka bisibisi chini. Kisha akasema jambo ambalo afadhali angelimeza. "Ungeniambia hivyo, nisingekubadilishia. Ilikuwa na vumbi tu. Ningesafisha feni, niiwekee dawa ya joto, unaondoka nayo siku hiyo hiyo."

Vumbi! Fahmo alirudi nyumbani analirudia hilo neno kama mtu aliyepigwa kichwani. Vumbi tu.

Ntongai, tusimnyime haki yake, alihangaika. Alipiga simu Meru, akapiga Nanyuki, akauliza mpaka kwa wanajeshi wa kambini. Nene hazipo, zote zimekufa au zimefunguliwa. Na kila alasiri mzee alikaa kwenye kiti chake, pedi mikononi, miguu kwenye breki na mafuta, anatazama kioo cheusi. Siku ya nne akaiweka pedi chini, akaisukuma kwa mguu. Siku ya tano Fahmo alimletea chai, akangoja lile neno. Halikuja. Akamwita, "Aabo?" Mzee akageukia ukuta. Hata lile haya lilikuwa limeondoka.

Fahmo akatoka uani ili asilie mbele yake. Akashikilia mabati ya ua kwa mikono miwili. Ni yeye. Si kiharusi mara hii, ni yeye kwa mkono wake, kwa aibu yake ya kijinga.

"Habari, dada," sauti ikatoka upande wa pili wa mabati. Alikuwa Nakiru, jirani Mturkana, mwiko mkononi. "Mzee ni mgonjwa?"

"Kwa nini?"

"Wiki hii hatumsikii. Kwani amekwama wapi?"

Fahmo akainua kichwa. "Amekwama?"

"Si huwa anapita Laisamis nikiteleka maji? Akifika Logologo najua ni saa ya kusonga ugali. Sasa hii wiki nimeunguza mara mbili, bwanangu Ekitela ananiuliza kama nimerogwa."

"Nyinyi mnajua?"

"Hii ni mabati, dada, si ukuta. Mtaa wote unajua. Jumapili iliyopita kanisani tuliomba apite Marsabit, tena mchungaji mwenyewe ndiye alitaja. Watu wanangoja afike Moyale."

Fahmo akapigwa na butwaa. Walijua! Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamwombea. Ile aibu aliyoificha kwa Ntongai, aibu iliyomgharimu mdomo wa baba yake, ilikuwa yake peke yake. Aligeuka akaingia ndani, amejikasirikia mpaka masikioni.

Akachukua kigoda, akakiweka kushoto kwa kiti cha mzee, upande wa tanboi. Akaiokota pedi, akamwekea mikononi, akavifunga vidole vyake juu yake. Televisheni hakuigusa.

"Tunaondoka Isiolo, Aabo," akasema.

Kimya.

"Archer's."

Mzee anatazama ukuta. Na Fahmo mwenyewe hajawahi kupita njia ile hata siku moja. Aliijua kwa kumsikia mzee tu, na sasa kichwa kilikuwa kimejaa vumbi na feni na kanisa, hakuna kilichokaa mahali pake.

"Laisamis," akasema.

Unyusi wa mzee ulicheza.

"Halafu... halafu Merille."

"Merille kwanza!"

Mzee alikuwa amepiga mkono wa kiti mpaka pedi ikaruka. "Merille kwanza! Ndiyo Laisamis! Unatupeleka wapi, wewe?"

Fahmo alitaka kupiga kelele, akaziba mdomo kwa shela. Kioo kilikuwa cheusi. Hakuna lori, hakuna theluji, hakuna kitu. Na mzee anafoka kama zamani!

"Samahani," akanong'ona. "Merille kwanza."

"Twende," akasema mzee, na akakanyaga mafuta.

Wakaenda. Laisamis. Logologo, punguza, kuna ng'ombe. Wakaanza kupanda Marsabit, na Fahmo akabana pumzi, akingoja ile pap. Hakuna kilichozima, maana hakikuwepo cha kuzima. Mzee akajikunyata, akapita. Bubisa. Turbi, funga dirisha, upepo. Sololo. Moyale! Mzee akajipangusa jasho, akakaa kidogo kama mtu anayekunywa chai, kisha akasema, "Geuza."

Kurudi Fahmo hakuthubutu kusaidia hata neno. Alikaa kwenye kigoda chake, anahesabu miji kwa vidole. Merille. Archer's. Mzee akapunguza. Mguu ukakanyaga breki hadi mwisho. Akapiga honi hewani, mara mbili. Midomo ikaanza kuhangaika, lile hangaiko la miaka miwili, na Fahmo akajikuta ameuma shela yake.

"Shuriye," akasema mzee.

Fahmo akafumba macho. Ni kweli, alikuwa amekaa kiti cha Shuriye.

"Shuriye, shuka. Mwite mwanangu. Mwite Fahmo afungue geti."

Sijui aliinukaje. Alivuka ua mbio, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, akang'oa komeo, akavuta upande mmoja wa geti. Nakiru alikuwa bado amesimama kwenye mabati na mwiko wake.

"Amefika?" akauliza.

Kabla Fahmo hajajibu, sauti ikatoka dirishani, nzito, kavu, imekosa subira kama ilivyokuwa siku zote.

"Fahmo! Fungua lote, nitakwaruza!"

Upande wa pili wa geti ulikuwa haujafunguliwa tangu lori liuzwe, miaka tisa, umeshika kutu mpaka bawabani. Fahmo akausukuma kwa bega, analia kwa sauti, na Nakiru akaja mbio wakasukuma pamoja mpaka ukafunguka wote.