Luhende Agoma Kaburini

Mchezo uliingia kwenye simu ya Luhende bila hodi, na fundi pikipiki huyo wa Kawajense, mjini Mpanda, akadhani ni promosheni. "Timiza majaribio matano. Ukikataa, unakufa." Alicheka sana. Kicheko kilikatika Jumanne, pale rafiki yake Anicet, aliyepata ujumbe huohuo, alipogoma kwenye la tatu akapigwa radi mwezi wa saba, kiangazi, anga halina hata wingu.

Basi Luhende akawa mtiifu kuliko mwanakwaya. La kwanza, alikula kipande cha sabuni akakiteremsha kwa chai. La pili, aliingia misani amevaa gauni la dada yake, na mama mmoja akamwambia limempendeza. La tatu alikumbana nalo kafumba macho: alimpigia mama yake mzazi akamtukana. Mama aliahidi kupanda basi kuja na mwiko.

La nne lilimfikia makaburini Misunkumilo, katika mazishi ya Anicet, jeneza likiwa bado juu. "Ingia kaburini, ulale, ucheke." Aliyetuma bila shaka alitaka wafiwa wammalize kwa majembe. Lakini awe jini awe nani, mwenyeji wa Mpanda hakuwa. Luhende ni Msukuma, marehemu alikuwa Mfipa. Ni watani hao, na msiba ambao mtani hajafanya vituko watu huulizana una kasoro gani.

Akaruka ndani, akajilaza, akacheka. "Wafipa nyie wabahili hata wa shimo. Miguu yake mtabaki nayo?"

Waliokuwa wanalia wakaanza kushika mbavu. Mjomba wa marehemu akaleta kuku, ndiyo desturi, ili mtani akubali kutoka. Luhende alikuwa anamnyooshea mkono kuku wake simu ilipotetemeka.

"La tano. Usitoke."

Akamrudisha kuku. Wakaongeza wa pili, akakataa. Wakamletea mbuzi.

"Jamani, sitanii," alisema. "Nikitoka hapa nakufa."

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomsifu, maana maneno ya mtani kaburini nani anayaamini? Mwishowe padre akatazama saa. Nestori, jirani aliyeshika koleo, akaamua kumtisha kidogo, akamwagia udongo kifuani. Watu wakashangilia, akamwaga tena. Luhende alitaka kuishi, tena sana, na hakuona njia: juu kuna radi, chini kuna koleo. Akalia kwa sauti kama mtoto.

Theopista, mama yake Anicet, akasogea ukingoni. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Baba, hicho kilio si cha utani. Una nini?"

Luhende akamnyooshea simu. "Anicet naye alitumiwa huu mchezo, mama, akagoma kwenye la tatu." Mama akasoma polepole, kuanzia ujumbe wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akarudi katikati akasoma tena.

"Huyu mtu wako hakujui," alisema. "Anajua namba. Aliyeambiwa asitoke ni hii simu." Akaidondosha chini ya miguu ya Luhende. "Ibaki. Mwanangu ataikalia. Wewe nipe mkono."

Luhende alitoka amefumba macho, mabega juu, akisubiri kuungua. Kilichomgusa ni upepo tu wa mchana. Nyuma yake watu walinong'ona kwamba mtani wa siku hizi ameharibika, anaacha mbuzi mzima.

Theopista hakumwachia mkono.

"La tatu. Wote mliandikiwa hilohilo?"

"Ndiyo, mama."

"Anicet naye akakataa hilo."

Luhende akaitikia kwa kichwa.

Mama akalitazama jeneza likishushwa kwa kamba.

"Si angenitukana tu," alisema. "Ningemchapa, na jioni tungekula."