Ukanda wa Stempu Sita

Kwa maneno ya Connie Sugden, jirani wa mlango wa pili, ilikuwa hivi: udongo haujakauka juu ya kaburi la mzee Ogden, binti yake mkubwa Muriel akaifungua albamu ya stempu ya marehemu, akaushika ule ukanda wa stempu sita za ukumbusho wa Vita vya Hastings, akauchana katikati.

"Kwa macho yangu haya!" Connie alimwambia mgeni wa chama cha wakusanya stempu, huku akimimina chai. "Stempu tatu mkononi, anafoka kama chui. Na huyu Edna wetu, mdogo wake, kasimama kando, kimya, maskini ya Mungu."

Ilikuwa Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa, mvua ikipiga madirisha. Mgeni, bwana mmoja wa kutoka Leeds, akaweka chini kibanio chake cha kushikia stempu. "Kuchana ukanda mzima, thamani yote ikapotea? Afadhali angechana pazia la kanisa."

Wakacheka. Edna hakucheka. Kwa miaka kumi na mmoja hadithi ile ilikuwa kwake kama koti la kuazima: si lake, lakini lilimkinga baridi.

Baba yao, fundi wa reli, hakukosa siku ya kutolewa kwa stempu mpya hata mara moja. Zenye picha za madaraja, za meli, za makanisa makuu. Posta haijafunguliwa, yeye yuko kwenye foleni. Alipougua, aliyemlisha na kumgeuza kitandani ni Edna. Albamu akamwachia Muriel. Siku ile Edna aliukunja ukanda kwenye mstari wa vitundu, akaukunja tena upande wa pili, taratibu, kama baba mwenyewe alivyomfundisha, ukaachana bila sauti. Hakuchana kwa hasira, na hilo ndilo lililomsumbua. Muriel alipookota tatu zilizobaki akapiga ukelele, na hapo ndipo Connie alipoingia.

"Connie," Edna akasema. "Aliyechana ni mimi."

"Acha mzaha, shoga. Mimi si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo kwenye kelele. Kwenye kuchana hukuwepo."

Birika likabaki hewani. "Miaka yote hii nimemnyima salamu yule mwanamke kwa ajili yako!"

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Akachukua mwavuli, akapanda kilima hadi mtaa wa dada yake. Muriel alifungua mlango nusu.

"Umekosea nyumba."

"Sijakosea, dada. Nimewaambia pale ukumbini. Connie pia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

Muriel alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Siku namzika mume wangu, Connie alivuka barabara ili asinipe pole. Unalijua hilo?"

"Nilivuka naye."

Maji yalitiririka kwenye mfereji wa paa. Muriel akashusha pumzi.

"Na zile tatu?"

"Ninazo. Nitakuletea."

"Kaa nazo. Mimi albamu sijaifungua tangu siku ile."

"Sikuja kwa ajili ya stempu." Sauti ya Edna ilipungua. "Jumapili nakwenda kaburini kwa baba. Sijawahi kwenda na wewe. Twende wote, dada?"

Muriel alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa ncha ya aproni. Kioo kimoja, kisha cha pili, kisha kile cha kwanza tena.