Saa Arobaini za Bihogo

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, Rwegoshora alifukuza ng'ombe kwenye uwanja wa ndege wa mgodi wa bati. Uwanja ulikuwa nyasi zilizofyekwa, upande wa kijiji cha Songambele, na kabla ya Vita Kuu ya Pili ulikuwa malisho ya baba yake. Ng'ombe hawakuwa wamearifiwa juu ya mabadiliko hayo. Walikuja alfajiri, wakalala katikati, naye aliwaondoa mmoja mmoja kwa majina, kwa kuwa wengi walikuwa wa nyumbani kwao.

Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, na mlango mmoja mwembamba. Ilikuwa na viti viwili mbele na nafasi nyuma ya kulaza barua na mifuko ya mawe ya kupimwa. Rubani wake alikuwa Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mwaka 1953 macho yake yaliingia ukungu. Mlima aliuona vizuri. Mishale ya vipimo iliyo mbele ya pua yake hakuiona. Alihitaji mtu wa kumsomea. Rwegoshora alifika darasa la nne kwa wamisheni, na akiwa kilima cha pili aliweza kutofautisha ndama wake na wa jirani. Aliitwa, akapanda.

Wiki ya kwanza alisoma namba. Wiki ya pili alipewa usukani wa upande wake, na ndege ikaanza kuyumba kama mtu anayetoka kwenye pombe ya ndizi.

"Unainyonga," alisema Bwana Miwani. "Shika kama unashika kitu unachokijua."

Rwegoshora alifikiri, kisha akashika kama anavyoshika chuchu ya ng'ombe: vidole vinabana kwa zamu, mkono hauvuti. Ndege ikanyooka. Wengine huchukua miezi kulipata hilo. Yeye alilianza akiwa na miaka saba, ila alikuwa amechuchumaa.

Kutua kulikuwa kugumu zaidi. Mara ya kwanza ndege ilidunda mara tatu kama ndama aliyefunguliwa, na jino la bandia la Bwana Miwani likaruka, likapatikana Alhamisi. Mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulikuwa umeliwa na mbuzi. Lakini zizi la mama yake, Eseri, lilikuwa mwisho wa uwanja, na kila jioni Eseri aliwasha moto wa samadi kufukuza nzi. Walitumia moshi huo. Moshi ukilala kuelekea mtoni, walitua wakitokea mtoni. Ilipofika Aprili, Eseri aliuwasha hata mchana akisikia injini, kama anavyofanya ng'ombe wakichelewa kurudi.

Siku moja, juu ya bonde la Kiruruma, Rwegoshora aliiona njia. Ilikuwa uzi mwekundu unaopita kwenye migomba, ukashuka mabondeni, ukapanda, hadi hospitali ya misheni. Aliijua kwa mabega. Mara mbili alikuwa ameipita akiwa amebeba engozi, kile kitanda cha fito na kamba ambacho wanaume wa ujirani humbebea mgonjwa, na mara zote mbili aliyelala ndani alikuwa mkewe, Kobugabe, akiwa na uchungu wa kuzaa. Ni mwendo wa siku mbili. Mara zote mbili mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Kutoka juu aliviona vilima viwili vidogo vya mawe, pale bonde linapoishia.

Alitazama mshale wa saa. Kutoka Songambele hadi uwanja wa mpira wa wamisheni zilikuwa dakika ishirini na mbili.

Kobugabe alikuwa na mimba ya miezi miwili.

"Bwana, nataka nijifunze yote," alisema Rwegoshora.

"Ili iweje?"

"Ili nimpeleke mke wangu mwenyewe."

Bwana Miwani alifuta miwani yake kwa shati. "Inahitaji cheti," alisema. "Cheti kinahitaji saa arobaini."

Baada ya kila safari Bwana Miwani aliandika kwenye daftari. Rwegoshora alimsogezea taa ya betri, na siku hiyo alisoma: Rubani, jina la Bwana Miwani. Muda, saa moja. Mzigo, mtu mmoja, ratili mia na thelathini.

"Saa zangu ziko wapi?"

"Daftari halina nafasi ya jina lako. Si mimi niliyelichapa." Alilifunga taratibu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Lakini mimi nazijua."

Jioni hiyo Rwegoshora alikuwa akimkamua Bihogo, ng'ombe mwekundu wa mama yake, na Eseri alisimama akipunga nzi. Pembe ya ng'ombe jike huongeza pete moja kila anapozaa. Ndivyo wafugaji wanavyojua idadi ya uzazi wake bila kumuuliza mwenyewe. Bihogo alikuwa amezaa mara nne.

"Ana pete tano," alisema Eseri.

"Hajazaa."

"Sijasema kazaa. Nimesema ana pete tano. Kamua."

Kesho yake waliruka kwa muda wa saa mbili, pete zikawa saba. Wiki iliyofuata Bwana Miwani aliruka peke yake kwenda Bweranyange, akapotea na kurudi, na pete hazikuongezeka. Waliporuka nusu saa, ilitokea nusu pete, iliyoishia ubavuni mwa pembe ikingoja mwenzake. Pembe zilirefuka ili kupata nafasi. Hadi Juni lango la zizi lilikuwa limepanuliwa mara mbili.

Mzee Kashaija, mkuu wa wabebaji wa engozi, alikuja kutazama. Alizungusha kidole kwenye kila pete.

"Eseri, ng'ombe wako anazaa upepo?"

"Anaandika," alisema Eseri. "Kuna watu walisoma wakashindwa."

"Basi mwambie aniandikie na mimi. Nimebeba watu miaka thelathini, sina hata alama, ila hili bega." Alicheka, kisha akamtazama Kobugabe aliyekuwa akifukiza vyombo vya maziwa, akaacha kucheka. "Mwanangu, kamba za engozi nimezibadilisha. Nakwambia tu."

"Ahsante, mzee," alisema Kobugabe. "Safari hii tunapita juu."

Septemba pete za saa zilitimia arobaini. Bwana Miwani aliandika barua, na mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa serikali, mwenye soksi ndefu, pamoja na karani wake Gozbert kutoka Bukoba, aliyetafsiri bila kuongeza chumvi. Mkaguzi aliketi ndegeni na Rwegoshora. Waliruka hadi mto Kagera, wakapinda, wakazima injini kwa makusudi, wakaiwasha tena. Wakati wa kutua mkaguzi aliendelea kuandika, na ilibidi Gozbert aje kumgongea kioo kumwambia kuwa wako chini.

"Amefaulu," alisema mkaguzi. "Saa zake?"

Wakampeleka zizini. Mkaguzi alitoa rula, akahesabu pembe ya kulia, akahakikisha kwa ya kushoto, akatoa nne za ndama. Akalinganisha na daftari la Bwana Miwani, tarehe kwa tarehe. Zililingana zote, na nusu saa ya mwezi wa tano ikiwemo.

"Saa arobaini, hazina shaka," Gozbert alitafsiri. "Ng'ombe ni wa nani?"

"Wa mama."

Mkaguzi alifungua fomu, akaisoma pande zote mbili. Palikuwa na nafasi ya Mzungu na nafasi ya Mhindi. Ya Mwafrika haikuwepo. Alieleza kwamba hawezi kuandika mahali ambapo hapajachapwa. Hata hivyo, saa hizi zimesajiliwa kwa Bihogo, na hakuna kifungu kinachomkataza ng'ombe. Akaandika cheti: jinsia, jike, rangi, nyekundu, makazi, Songambele. Akagonga muhuri.

"Bwana anasema ndege itaruka tu ikiwa mwenye cheti yumo ndani," alisema Gozbert. Kisha, kwa Kihaya, sauti ya chini: "Mama, nimetafsiri kama ilivyosemwa. Mnisamehe."

"Umesema vizuri," alisema Eseri. "Kunywa maziwa."

Mkaguzi hakusahau macho ya Bwana Miwani. Alimpeleka Kampala akatibiwe, na ufunguo wa ndege akamwachia askari wa mgodi, Protase, amkabidhi mwenye cheti na si mwingine.

Uchungu wa Kobugabe ulianza Jumanne, asubuhi, umande ukiwa bado. Rwegoshora alimbeba hadi uwanjani. Tangi lilikuwa limejaa. Moshi wa Eseri ulikuwa umenyooka juu. Hali ya hewa ilikuwa njema kuliko siku zote.

"Protase, ndugu yangu, ufunguo."

"Nina watoto sita," alisema Protase. "Nimeambiwa mwenye cheti. Mlete."

Bihogo aliletwa. Protase aliweka ufunguo mbele ya kwato zake na kupiga saluti, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa. "Nimeshamkabidhi. Sasa aingie."

Bihogo hakukataa. Aliinamisha kichwa, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Pembe ziligonga ndege pande zote mbili za mlango. Walimgeuza kwa ubavu, wakamrudisha kinyumenyume, wakamwinamisha. Upana wa pembe ulikuwa hatua tatu, na mlango haukutimiza moja. Rwegoshora alikwenda zizini, akarudi na msumeno.

"Ukizikata, saa zinakwenda nazo," alisema Protase, na macho yake yalikuwa mekundu. "Cheti kinasema saa arobaini. Nitahesabu, wataniuliza."

Rwegoshora alisimama na msumeno mkononi. Kobugabe, aliyelala kwenye nyasi chini ya bawa, alimwita.

"Ni dakika ngapi, ulisema?"

"Ishirini na mbili."

"Basi usipoteze nyingine hapa. Mwite Mzee Kashaija."

Kashaija alikuwa tayari ukingoni mwa uwanja na wanaume wake, engozi begani. Hakusema neno la mzaha. Rwegoshora alishika mti wa mbele, upande wa kushoto, kama mara zile mbili. Alishika kwa vidole vinavyobana kwa zamu, bila kuvuta, na wenzake walisema baadaye kwamba engozi haijawahi kwenda imetulia namna ile.

Mtoto alizaliwa siku ya pili, bonde linapoishia. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Siku hiyohiyo jioni, Songambele, jirani alikuja kumkamua Bihogo, na Eseri akasimama akipunga nzi. Hakuna aliyekuwa ameruka. Juu ya pete zote Eseri aliona nyingine, nyembamba kama uzi, isiyofika hata nusu ya mzunguko. Aliipima kwa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa ya dakika ishirini na mbili.

"Kuna nini, mama?" aliuliza jirani.

"Wamefika bondeni," alisema Eseri. "Kamua."

Bwana Miwani alirudi Januari na miwani minene zaidi, na mishale ya vipimo bado haioni. Kila Jumatatu Rwegoshora anafukuza ng'ombe uwanjani, anapanda, anarusha, anatua. Bwana Miwani anaandika: Mzigo, mtu mmoja. Ratili zimepungua, mia na kumi na nane. Pete zinaendelea kuongezeka, na lango la zizi limepanuliwa mara ya tatu. Kila mwaka serikali inaleta barua ya kuhuisha cheti, kwa jina la Bihogo, nayo hutundikwa zizini pamoja na vyombo vya maziwa.

Jioni, moto wa samadi ukishashika, Kobugabe huja na siagi kwenye kiganja. Ile pete nyembamba huipaka taratibu, mwanzo hadi pale inapokatika. Nyingine hazigusi.