Wageni wa Siku ya Ukaguzi

Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa Kampuni ya shaba, mjini Likasi, palikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliiheshimu na hakuna aliyeifuata. Nyumba ya Kampuni ni ya mfanyakazi, mke wake na watoto wao, basi. Shangazi, mpwa, au babu aliyekuja kusalimia akasahau kurudi, sharti awe na ruhusa ya Shefu wa kambi. Asiye nayo hupandishwa lori akarudishwa kijijini. Kampuni ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali mwaka juzi, lakini lori lilikuwa lile lile.

Philomène, mke wa Germain wa kiwandani, alikuwa na mtu mmoja asiye na ruhusa: baba yake, mzee Cyrille, mvuvi wa upande wa Mwadingusha, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Masista wa hospitali waliahidi kumpasua macho wiki ijayo. Shefu Augustin aliombwa ruhusa, akasema atafikiri, na mpaka leo alikuwa anafikiri. Mzee akirudishwa na lori, safari nyingine ya mjini hataiweza, na giza litakuwa lake mpaka kaburini. Philomène aliogopa hata chakula kikamshinda.

Kila mara Shefu alipokagua nyumba, alianzia kwake. Kwa hiyo asubuhi ile ya ukaguzi alimshika mzee mkono, akampeleka kwa jirani yake Berthe, mama wa Kasai mwenye maneno mengi na roho nzuri.

"Mama Berthe, uniwekee baba kidogo."

"Aikale hapa kwangu. Na weye uniwekee hawa batoto ba kaka yangu. Shefu akiuliza, useme walikuja kuomba chumvi."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ila siku ile kambi nzima ilikuwa na nywele za namna moja. Bibi wa Kilunda alikutwa kwa Wabemba, mashemeji wa Kibemba walikuwa kwa Wasanga, na Wasanga wamejibanza kwa watu wa Kasai. Isitoshe, Shefu aliamua kuanzia upande wa pili. Kila nyumba aliyoingia ilijaa watu waliokuja kuomba chumvi, chumvi ya kutosha kukausha samaki wote wa mto Lufira. Shefu hakucheka. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa, na watu wa namna hiyo hucheka Jumapili.

Mara Eugénie, mke wa Shefu mwenyewe, akatokea nyuma ya nyumba ya Philomène akiongoza mama mzee.

"Mama Philo, uniwekee mama yangu. Alifika jana toka Kambove, bwana hajue. Akijua, sheria yake ataanzia kwa mama yangu, ili bantu baseme ni muntu wa haki."

Philomène akamkalisha mama jikoni, nyuma ya ua. Kabla hajavuta pumzi, Berthe naye akaja mbio na mzee Cyrille.

"Shefu iko anaingia kwangu. Kamata baba yako."

Wazee wawili wakaketi bega kwa bega. Punde Shefu akafika, akakuta sebule tupu, maana watoto wa Berthe walikuwa wametorokea dirishani, akapita uani, akasukuma mlango wa jiko.

Sasa, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Ndivyo Shefu alivyolelewa, na hakuna kampuni iliyowahi kufuta sheria hiyo. Mama alijifunika kitambaa. Shefu alirudi kinyumenyume mpaka akakanyaga nyanya za Philomène, akageuka, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima akiwa amewapa mgongo.

"Mama Philo," akauambia ukuta wa jirani, "mule jikoni iko nani?"

Philomène angeweza kutaja chumvi, lakini alikuwa amechoka.

"Iko mama mukwe yenu, Shefu. Na baba yangu, ule wa macho."

Shefu alilifuta tope la nyanya kwenye kiatu.

"Mukwe haonaka mama mukwe wake," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Shefu."

"Basi miye siyaona muntu mu hii jiko."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja. Na ule mumoja, mumupeleke ku masista, asikawie."

Akaenda zake. Mzee Cyrille akainua uso wake wenye ukungu kuelekea mlangoni.

"Na miye pia siyaona muntu," akasema.

Philomène alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Kisha akaenda kwa Berthe kuomba chumvi, safari hii ya kweli, maana mama mkwe wa Shefu alikuwa hajala.