Tangi la Baba Mkwe

Bi harusi alikuwa na wiki mbili tu nyumbani kwa mama mkwe, na alitaka sana kupendwa. Maji katika tangi la samaki la marehemu baba mkwe yalikuwa yamegeuka kijani.

“Nilisafishe vipi, wifi?” aliuliza.

Wifi, aliyelitunza na baba yake miaka tisa, alijua kwamba hubadilishwa robo tu ya maji, na ya bomba hulazwa usiku kucha kwanza ili dawa yake, inayoua samaki, itoke.

“Mwaga yote, ujaze ya bomba. Hiyo nayo kazi ya kuuliza?”

Jioni maji yalikuwa meupe kabisa. Samaki wote saba walielea kiubavu, na bi harusi akawa anawagusa mmoja mmoja kwa kidole.

“Mama,” wifi aliita kwa upole, “njoo uone mkweo alivyomsafishia baba tangi.”